Tereré Iliyosingiziwa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule zamu ya mchana, Nidia alimsindikiza bibi yake hadi hospitali moja ya Asunción, nchini Paraguay, kwa tiba ya mionzi. Bibi Eusebia alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, na alipangiwa kuchomwa mionzi mara ishirini na tano. Kila mara alitakiwa anywe lita moja ya kinywaji saa nzima kabla, maana kibofu kikijaa husukuma utumbo mbali na mionzi. Wengine kwenye foleni walikunywa maji. Bibi alikunywa tereré, majani yake machungu kwenye maji ya barafu, kama alivyofanya tangu utotoni.

Siku ya nane Derlis, fundi wa mashine, alimteremsha Bibi kwenye kitanda cha mashine na kumfuata hadi kwenye foleni akifoka.

"Kibofu kitupu tena! Hiyo tereré inakukojoza, Bibi. Tangazo hulioni?"

Mlangoni palibandikwa karatasi: TERERÉ MARUFUKU.

"Nani kakwambia ni tereré?" Bibi akauliza.

"Kila mtu anajua!"

Bibi akachukua mkoba wake. "Twende zetu, Nidia. Sirudi hapa kugombezwa kama mtoto aliyelowesha godoro."

Nidia alipandwa na hasira mpaka masikio yakamwaka moto. Bibi akiacha tiba, saratani itammaliza, na Derlis ameshaita mgonjwa mwingine! Alimkalisha Bibi kwenye benchi, akatoa daftari la sayansi, akapita kwenye foleni akiandika majina ya wote waliorudishwa kwa kibofu kitupu wiki ile. Kisha akaingia kwa mkuu wa idara, Daktari Zunilda, bila kubisha hodi.

"Hawa hapa, kumi na mmoja! Fundi wako anawaonea wagonjwa!"

Daktari alisoma, kisha akachukua kalamu na kuyafuta majina yote.

"Unafuta ushahidi!" Nidia akapiga kelele.

"Nafuta siri za watu. Uliwaomba ruhusa?" Nidia akatikisa kichwa. "Na wasiorudishwa walikunywa nini?"

"Hao hawana shida."

"Basi utajuaje tofauti yao na hawa? Hii ni hasira, mwanangu. Hasira yako ni ya haki, lakini haijapangwa."

Alivuta droo kwa nguvu, akatoa barua iliyokunjamana. "Tangu Machi kamati ya hospitali inaagiza kila idara iandike mpango wa utafiti wa matatizo yake. Sisi tukaifungia humu, tukabandika tangazo. Nina hasira na nafsi yangu kuliko wewe."

Wakaandika mpango siku ile ile, Derlis akiwa amenuna pembeni. Swali moja tu: nini kinafanya kibofu kiwe kitupu? Kila mgonjwa atakayekubali atapewa namba badala ya jina. Wataandika alichokunywa, saa aliyokunywa, saa aliyokwenda chooni na saa aliyoitwa. Kamati ya hospitali iliupitisha baada ya siku nne, na kazi ikafanywa kwa siku kumi.

"Namba yako ni saba, Bibi," Nidia akambembeleza. "Usipokuja, hesabu itapungua."

"Nitakuja," Bibi akafoka, "ili nimwone yule kijana akiaibika!"

Akaja kila siku, uso kaukunja.

Matokeo yalipobandikwa, foleni nzima ilisimama kusoma. Wa maji na wa tereré walirudishwa sawasawa. Tofauti ilikuwa kwenye kungoja. Mashine ilipochelewa, watu walibanwa, wakaenda chooni, na dakika chache baadaye wakaitwa. Kuanzia siku ile Derlis ndiye aliyewaambia wagonjwa muda wa kuanza kunywa, baada ya kuona mashine imefikia wapi.

Derlis alibandua tangazo kwa mikono yake. "Nisamehe, Bibi. Niliamini nilichosikia."

"Nimekusamehe. Ila siku nyingine uniulize, usinipigie kelele!"

Daktari Zunilda alimshika Nidia bega. "Sote tulikasirika, na sote tulikosea. Ukiona jambo baya, kasirika, kisha kaa chini uandike swali lako na namna utakavyolijibu. Bila hivyo, tungegombana hapa mwaka mzima huku bibi yako akiwa nyumbani bila tiba."

Siku kadhaa baadaye, Derlis aliita kutoka ndani kwa sauti ya chini, "Namba saba, mara ya ishirini na tano." Bibi Eusebia akaingia kwa mara ya mwisho.