Bibi Harusi wa Kuazima

Kila siku baada ya masomo, kabla ya kwenda nyumbani, Chiriku alipitia studio ya shangazi yake. Jina lake halisi lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio tu. Kwingine kote aliitwa Chiriku, kwa sababu alikuwa na miaka kumi na mitatu na tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza. Alifagia, akapangusa kiti cha wateja, akanyoosha lile pazia la buluu ambalo nusu ya mji ilikuwa imekaa mbele yake kupigwa picha za vitambulisho. Kazi ikiisha alianza kusimulia habari za shule, shangazi asikilize asisikilize.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara. Ng'ambo yake alikaa fundi viatu, mzee aliyeshika misumari midogo kwa midomo alipokuwa akigonga soli, hata watu wakamwita Mzee Misumari. Alikuwa hodari wa kuongea misumari ikiwa mdomoni bila kudondosha hata mmoja.

Jumatatu moja Chiriku alimkuta shangazi ameshika tama. Kiwanda cha samani kilikuwa kinatimiza miaka ishirini, na meneja wake alitaka kitabu cha picha za wafanyakazi wote. Alikuwa amewaambia wapiga picha watatu wamtumie anwani za tovuti zao kabla ya Ijumaa, aone kazi zao. Shangazi alikuwa na albamu kumi na moja na mkono usiotetereka, lakini tovuti hakuwa nayo.

"Kazi ya namna hii nimeitamani miaka," alisema. "Kupiga picha watu wakiwa kazini, si wakiwa wamekauka mbele ya pazia. Sasa naiona inapita hivi hivi."

"Haipiti," Chiriku alisema. "Shuleni niko kwenye klabu ya kompyuta. Nipe siku tatu."

"Siku tatu bila kuongea?"

"Hiyo siwezi. Lakini tovuti naweza."

Alianza siku hiyo hiyo. Mwalimu wa kompyuta alikuwa amewafundisha kutumia kiolezo, yaani tovuti iliyokwisha kupangwa tayari, ambayo wewe unabadilisha maneno na picha tu. Chiriku alichagua chenye rangi nyeupe na kijivu, kwa kuwa mwalimu alisema picha nzuri haitaki kugombana na rangi za pembeni. Aliandika jina la studio, namba ya simu na maelezo mafupi ya shangazi. Mwanzo alipakia picha zikiwa kubwa mno, ukurasa ukachukua muda mrefu kufunguka hata mtu angeweza kwenda kunywa maji na kurudi. Akazipunguza uzito moja moja.

Shangazi alitaka picha kumi na mbili tu. Chiriku alipolalamika kwamba albamu zina mamia, alijibiwa kwamba mgeni akionyeshwa kila kitu hakumbuki chochote. Kila picha iliyochaguliwa, shangazi alifungua kwanza daftari lake la jalada gumu. Humo waliweka sahihi watu wote waliokubali picha zao zionekane mbele za watu. Hiyo ilikuwa desturi yake tangu alipofungua studio: picha isiyo na sahihi haikutoka nje ya mlango, hata ingekuwa nzuri namna gani.

Picha ya kwanza, ile kubwa ya juu kabisa, aliichagua bila kusita. Ilikuwa ya Mzee Misumari. Kichwa kimeinama, misumari mitatu iko midomoni, macho yanacheka. Mzee aliweka sahihi yake kwa herufi kubwa, na kuanzia hapo akawa anamwambia kila aliyeleta kiatu kwamba yeye ndiye atakayewapokea wageni kwenye mtandao.

Jumatano jioni tovuti ilikuwa tayari. Shangazi aliikagua yote, akasema imependeza, na kwamba kesho yake Chiriku amtumie meneja anwani.

Alhamisi, Chiriku aliiwasha kompyuta peke yake, shangazi akiwa amekwenda kupiga picha za mahafali. Aliitazama ile picha ya juu na roho yake ikasita. Aproni ya mzee ilikuwa na madoa ya gundi. Kidole gumba kilikuwa na ukucha mweusi, ulioonja nyundo. Kiolezo chenyewe kilikuja na picha ya mfano mahali pale: bibi harusi anacheka chini ya mwavuli mweupe, matone ya mvua yanang'aa pande zote. Chiriku aliona kwamba ile ndiyo picha ya mpiga picha wa maana. Meneja mzima wa kiwanda apokewe na ukucha mweusi?

Alimtoa mzee, akamrudisha bibi harusi. Zile picha kumi na moja nyingine zilikuwa zimepangwa vizuri, hivyo Mzee Misumari akakosa nafasi kabisa. Halafu akamtumia meneja anwani.

Rafiki yake wa klabu, kijana aliyeitwa Miwani, alipita kumchukua waende nyumbani, akachungulia skrini.

"Huyo si wa kiolezo?" aliuliza. "Mwalimu alisema picha za mfano zote zitolewe."

"Ni moja tu. Nani atajua?"

Miwani alisukuma miwani yake juu ya pua. "Mimi nimejua, na sijakaa hata dakika."

Chiriku alizima kompyuta. Walipokuwa wanafunga mlango, Mzee Misumari aliinua nyundo kumsalimu. "Mjukuu wangu, nimeshafika kwenye mtandao?"

"Umefika, babu," alijibu, na njia nzima hakuwa na neno la kuongeza, jambo lililomtia Miwani wasiwasi.

Ijumaa mchana, Chiriku alipokuwa anafagia baada ya masomo, simu ililia shangazi akiwa anakata picha za vitambulisho. Aliweka sauti ya nje ili mikono iendelee na kazi.

"Nazungumza kutoka kiwanda cha samani," alisema meneja, mwanamke mwenye sauti ya upole. "Kazi zako nimezipenda. Nina swali dogo tu. Yule bibi harusi ulimpigia wapi picha?"

"Bibi harusi yupi?"

"Wa juu kabisa, mwenye mwavuli."

"Nadhani umefungua tovuti ya mtu mwingine, dada. Pale juu nina fundi viatu."

"Jina la studio ni lako. Nauliza kwa sababu bibi harusi huyo huyo nimemkuta kwenye tovuti ya muuza maua, na jana nilimwona kwa mpiga picha mwenzako. Naona huyu ndugu yetu anaolewa kila mahali."

Shangazi aliweka mkasi chini, akavuta daftari lake na kuanza kufunua kurasa, kana kwamba bibi harusi huyo angeweza kujificha humo. "Humu hayumo," alisema polepole. "Labda kompyuta imechanganya. Aliyetengeneza ni binti wa kaka yangu, na huyo ni mtoto ninayemwamini."

Chiriku aliacha kufagia. Njia ilikuwa wazi kabisa mbele yake: kompyuta husingiziwa kila siku na hazijitetei. Angenyamaza tu, mambo yangepita. Lakini shangazi alikuwa amesema kwamba anamwamini.

"Shangazi, ni mimi," alisema. "Haikuchanganya. Niliiweka mwenyewe baada ya wewe kukagua."

Meneja aliuliza anayesema ni nani, na Chiriku akaeleza yote, mpaka kwenye ule ukucha mweusi.

"Mama, samahani sana," shangazi alisema. "Kosa limetoka studioni kwangu, basi ni langu pia. Sikutazama tena kabla ya anwani kutumwa."

"Nitafungua tena saa kumi," alisema meneja. "Nionyesheni kilicho chenu, ndipo nitaamua."

Simu ilipokatika, Chiriku alisubiri kukaripiwa. Shangazi hakupaza sauti.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Niliona ile nyingine ni nzuri zaidi. Babu amechafuka, na kile kidole..."

"Kidole hicho nilikivukia barabara asubuhi tatu. Siku mbili za kwanza alikuwa ananitolea meno kama yuko kwenye sherehe. Siku ya tatu akasahau kwamba nipo, akafanya kazi yake. Hiyo ndiyo picha bora niliyowahi kupiga, na wewe ukaiondoa ukaweka ya mtu tusiyemjua." "Imeniuma, mwanangu."

Chiriku alilia kidogo, akajifuta, akakaa kwenye kompyuta. Kumrudisha Mzee Misumari kulichukua dakika mbili. Kisha alikagua kurasa zote, asije akakuta bibi harusi mwingine amebaki pembeni. Alipomaliza alichukua kompyuta mpakato, akavuka nayo barabara bila kuambiwa na mtu.

"Babu, jana nilikudanganya," alisema. "Hukuwa kwenye mtandao. Nilikutoa, nikaweka bibi harusi."

Mzee alitoa misumari mdomoni mmoja mmoja, akaipanga kwenye goti. Chiriku hakuwahi kumwona akifanya hivyo kwa ajili ya mazungumzo.

"Kwa hiyo nimewaringia watu siku nzima bure?"

"Ndiyo, babu. Nisamehe."

"Huyo bibi harusi anajua kushona soli?"

"Hajui."

"Basi anirudishie kiti changu." Alifuta mikono kwenye aproni, akainamia skrini, akajitazama vizuri. "Ukucha huu niliumia nikigonga kiatu cha mwalimu wako mkuu," alisema mwishoni. "Soli yake ilikuwa ngumu kama jiwe. Nimekusamehe, mjukuu wangu, lakini usinitoe tena."

Hawakusikia shangazi alipovuka na kamera yake. Walisikia mlio wa picha tu.

Saa kumi na dakika chache meneja alipiga simu. "Nimemwona fundi wenu," alisema. "Kiwandani kwangu mikono yote iko hivyo, na ndiyo ninayotaka kwenye kitabu. Njoo Jumatatu tupange. Na huyo binti mwambie kwamba kama angelaumu kompyuta, kazi hii nisingewapa."

Shangazi aliweka simu mezani, akakaa, akacheka peke yake kwa furaha. Kisha akamvuta Chiriku karibu.

"Sikiliza. Tovuti ni mlango wetu. Mtu anaingia kwa sababu ya kile alichokiona mlangoni, na akishaingia atatukuta sisi, na aproni zetu. Ukimwonyesha uzuri wa kuazima, siku moja atauulizia, na huna pa kuutoa. Chetu kikiwa na doa tutakionyesha na doa lake, na tutaendelea kujifunza. Na ukikosea, sema mapema kama ulivyosema leo. Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Sasa kuna ukurasa mmoja nataka uongeze: aliyetengeneza tovuti hii." Aligeuza kamera amwonyeshe. Pichani Mzee Misumari alikuwa ameinamia skrini, na kando yake Chiriku, macho mekundu, nywele zimetimka, wino umetapakaa kwenye kola ya sare ya shule.

"Wino unaonekana," Chiriku alisema.

"Unaonekana. Ni wa nani?"

"Wangu."

Shangazi alifungua daftari la jalada gumu na kumsogezea kalamu. "Ndiyo au hapana? Bila sahihi haitoki."

Chiriku aliitazama ile picha kwa muda mrefu sana, kimya, mpaka shangazi akamuuliza kama anaumwa. Ndipo akachukua kalamu, akaandika jina lake halisi lote, kama lilivyo kwenye daftari la mahudhurio.