Priampu Isiyo na Mvumo

Jua lilikuwa linazama nilipoteremka kwenye bodaboda pale Kalenga, nje kidogo ya Iringa, mkoba mgongoni, nikiulizia nyumba ya mzee Ambrosi. Nilikuwa nimetoka Mbeya alfajiri kwa ajili ya kisanduku kimoja tu. Priampu. Asiyeijua kazi yetu nimweleze: maiki inaponasa sauti ya mwimbaji, sauti hiyo huwa ndogo mno, na priampu ndiyo inayoikuza kabla haijaingia kwenye kompyuta. Ikiwa mbovu, hata aimbe malaika, utadhani anaimba huku jirani yake anakaanga samaki.

Studio yangu iko nyumbani, mtaa wa Soweto, Mbeya. Ni chumba kimoja chenye magodoro yaliyosimamishwa ukutani. Nilitaka kurekodi nyimbo nane za mke wangu, Lea. Simsifu kwa sababu ni wangu. Akiimba huku anafua, wapita njia husimama. Sauti ile ndiyo iliyonifanya nimwoe, na ndiyo niliyotaka dunia iisikie.

Kwa hiyo nilichagua sana. Dukani Mwanjelwa muuzaji, kijana anayeitwa Anwari, alinifungulia priampu tano mpya. Kila moja niliijaribu kwa njia yangu: nachomeka maiki, mtu asiseme, nafungua kitufe cha sauti hadi mwisho, nafumba macho, nasikiliza. Zote zilikuwa na mvumo. Shhhh...

"Kaka Gwakisa, mvumo haukosi," Anwari alisema. "Hata mashine ya Ulaya inao. We chagua wenye mvumo mdogo, mambo yaishe."

Mchagua jembe si mkulima, walisema wahenga. Mimi nilijiona mkulima kuliko wote. Usiku ule ule nikaona tangazo kwenye simu: kisanduku cheusi cha chuma, kimetumika, kiko Iringa. Chini yake maneno matatu tu. *Haina mvumo kabisa.*

Mzee Ambrosi alikuwa mwembamba, mtu wa kutazama chini. Mkewe, Apolonia, alikaa kizingitini akichambua maharage.

"Kamwene, mama," nilimsalimu kwa Kihehe changu cha kuombea maji.

Alinitazama tu. Nikasema moyoni, leo nimenuniwa.

"Mzoee," Ambrosi alisema. "Haongei."

Nikachomeka maiki yangu kwenye kile kisanduku, nikavaa hedifoni. Nikafungua kitufe hadi mwisho.

Hakuna kitu. Si mvumo mdogo. Hakuna. Ni kimya ambacho sijawahi kukisikia maishani, na furaha ilinipanda mpaka nikasahau njaa. Kisha, ndani ya kimya kile, kwa mbali...

Pumzi.

Mtu alikuwa anapumua karibu na maiki. Nilifumbua macho. Ambrosi alikuwa kule mlangoni, mgongo amenipa. Nikajiambia ni pumzi yangu mwenyewe.

"Umeridhika?" alininong'oneza. Sikujiuliza kwa nini ananong'ona nyumbani kwake. Nililipa bila hata kuomba apunguze.

Nilipofika barabarani, Apolonia alikuja mbio nyuma yangu, maharage yakimdondoka kwenye kitenge. Akaushika mkoba wangu kwa mikono miwili. Akafungua mdomo wote, shingo ikamtoka mishipa, na hakuna kilichotoka. Mimi, mjinga wa Mungu, nilidhani anaomba. Nikampa noti ya elfu mbili. Aliiachia ikaanguka, akawa anaonyesha koo lake, kisha mkoba, kisha koo lake tena. Mwenye bodaboda akapiga honi. Nikapanda.

Siku ya pili yake tulirekodi. Jirani yetu ana mashine ya kusaga, kwa hiyo sisi husubiri magharibi, anapozima. Blessing, binti yetu wa miaka sita, ambaye huongea toka anaamka hadi analala na pengine anaendelea usingizini, tulimweka sebuleni na katuni zake.

Lea alivaa hedifoni, akasimama mbele ya maiki. Wimbo wa kwanza ulipita vizuri hadi nikafuta machozi. Katikati ya wimbo wa pili alinyamaza. Akainamisha kichwa kidogo.

"Abee, mama," akaitika.

"Unamwitikia nani?"

"Si kuna mama ananiita? Nilijua mama yako kaja."

"Mama yuko Tukuyu, Lea."

Bibi zetu walitufundisha sote: jioni ukiitwa na usiyemwona, nyamaza mpaka akuite mara ya tatu. Lea alilijua hilo. Lakini alilelewa pia kwamba mtu mzima akikuita huitiki kwa kuchelewa, na ndani ya hedifoni nani angekumbuka mambo ya kizani? Alicheka kidogo kwa aibu. Akavuta pumzi aendelee.

Akafungua mdomo.

Hakuna kitu.

Alijaribu tena. Akajishika koo. Macho yake yalinitazama kama ya mtu anayezama.

Baadaye nilirudisha rekodi nyuma. Sauti ya Lea ikiimba. Kisha sauti nyingine, ya mwanamke mtu mzima, karibu kabisa na sikio:

"Lea... Lea, mwanangu..."

"Abee, mama."

Kisha kimya kile kile.

Hospitali walimulika koo, wakasema ni zima kabisa. Wazee wa kanisa walikuja wakaomba, wakanywa chai, wakaondoka. Lea akawa anaandika kwenye daftari la shule. Siku moja Blessing aliniuliza kama mama amemkasirikia, maana hamsimulii tena hadithi. Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo.

Wiki ya tatu nilirudi Kalenga na kisanduku mkobani. Nikabisha hodi.

"Karibu, mwanangu. Karibu ndani."

Nilirudi nyuma hatua moja. Ilikuwa ni sauti ya kwenye rekodi. Ile ile.

Apolonia alifungua mlango. Aliuona mkoba, akaanza kulia.

"Nilikuwa nakukataza," alisema. "Siku ile. Sikuwa na sauti ya kukukatazia."

"Sasa unayo."

"Ilinirudia magharibi moja, nikiwa napika. Nikajua kuna mtu ameitika." Alijifuta kwa kitenge. "Ile hubeba sauti moja. Ikipata nyingine, ya kwanza inaiachia."

Mumewe alikuwa kwenye kigoda, hanitazami. "Mimi niliinunua kwa mtu wa Njombe," alinong'ona. "Siku niliyofika kwake, mkewe alikuwa bubu. Kabla ya hapo sijui."

"Uliniuzia ukijua!"

"Nilikaa miaka miwili nikimsikia mke wangu anaimba kwenye chuma, mwanangu. We ungefanyaje?"

Nilitaka kukitupa pale mlangoni nikimbie. Apolonia akanishika mkono. "Ukikiacha, umemwacha mkeo hapa. Ukikivunja... sijui. Sikuwahi kuthubutu. We utathubutu?"

Sikuthubutu. Nilirudi nacho Mbeya.

Nilipofika, Faraji alikuwa amenipigia mara nne. Faraji anarekodi kaswida za wasichana wa madrasa, na binti yake Amna ndiye anayewaongoza. "Gwakisa ndugu yangu, nasikia una priampu haina mvumo. Nifikirie mimi kwanza."

Nilimweleza Lea yote, hadi hilo la Faraji. Alisikiliza akiwa ameshika kalamu. Kisha akaandika kwa herufi kubwa ukurasa mzima: USIUZE. Chini yake: *Ni mtoto wa mtu.* Akapiga mstari mpaka karatasi ikachanika. Niliona aibu, na nikampenda zaidi ya siku ya harusi.

Basi nilichomoa nyaya zote, nikakifunga kisanduku kwa blanketi, nikafunga mlango wa studio. Ufunguo nikauweka mfukoni. Kila magharibi, mashine ya jirani ikinyamaza, Lea alikuwa anaziba masikio. Mimi sikuziba. Nilikuwa namsikia akiimba mle ndani, taratibu, bila umeme, na kuna jioni niliegemea mlango ule nikasikiliza mpaka mwisho. Blessing hatukumweleza chochote. Tungemwelezaje?

Jumapili iliyopita nilikuwa uani nikiwasha jiko. Nikasikia kuimba. Haikutoka studio.

Ilitoka jikoni.

Nilikimbia. Lea alikuwa amesimama na sufuria mkononi, machozi yanamtiririka na anacheka.

"Baba Blessing! Sauti yangu! Nisikie!"

Nilimbeba juu kama mtoto. Sikuuza, nikawa nasema, sikuuza, Mungu ametuhurumia bure. Niligusa mfuko. Ufunguo ulikuwepo.

"Blessing!" niliita. "Njoo umsikie mama!"

Kimya.

"Blessing?"

Tulimkuta ukumbini, amekaa chini sakafuni, sikio kwenye mlango wa studio. Alikuwa amesikia mama anamwita kutoka ndani, akaitika, maana tulimlea vizuri. Alitugeukia. Midomo ikacheza, haraka haraka, kama anavyoongea siku zote.

Lea alipiga magoti, akamshika mashavu. Ndani ya chumba kilichofungwa mtoto mdogo alianza kucheka.

Lea akasimama.

"Baba Blessing," alisema, kwa sauti yake ile nzuri. "Mpigie Faraji."

Nilipiga. Alipokea upesi, na nyuma yake nilimsikia msichana akifanya mazoezi ya kaswida.