Jiwe Lenye Kiu

Tulikuwa tunapepeta mchele uani, mimi na mdogo wangu Fanja, tunamcheka jirani aliyeteleza matopeni na kapu zima la bata, ndipo Solofo, mume wa Fanja, akaingia kutoka mlimani na kitu mkononi.

"Shemeji Bakoly, leo usiniite mvivu. Tazama."

Lilikuwa jiwe la kioo, na ndani yake maji. Maji kweli. Ukiliinamisha, kiputo cha hewa chenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba kinakimbia kutoka ncha hii mpaka ile. Wachimbaji wetu huyapata mara chache mawe ya namna hiyo. Maji yake yalifungiwa humo kabla hajazaliwa mtu, na sisi husema ni ya Wavazimba, wale waliokuwa na nchi hii kabla ya babu zetu. Ndiyo maana chumvi ni mwiko mlimani. Hawaitaki kabisa. Mchimbaji aliyekula chumvi husukutua kwa maji ya ukoko, yale tunayochemsha kwenye sufuria yenye ukoko wa wali, kabla ya kupanda.

"Umejuaje lina maji, na lilikuwa na tope?" nikamuuliza.

"Nimelilamba. Si ndivyo tunavyofanya sote?"

"Na asubuhi ulikula nini?"

Akajifuta mdomo kwa kiganja. Fanja naye akaacha kupepeta. Solofo alikuwa amekula samaki mkavu wa chumvi, akatoka mbio bila kusukutua. Najua, maana sahani niliiosha mimi.

"Aa, dada, usimtie mwenzio hofu," Fanja akasema, lakini sauti ilimpungua.

Binti yao Miora, ndiyo kwanza anajifunza kusema, akalinyakua jiwe akawa anakikimbiza kiputo. Alicheka mpaka akapaliwa. Baadaye tukaliweka kwenye pembe ya kaskazini mashariki ya nyumba, pembe ya wazee wetu waliotangulia.

Kesho yake Miora aliamka na kiu. Akanywa kikombe cha maji ya ukoko, akanywa kingine, akalililia birika. Midomo ikazidi kupasuka. Nepi kavu. Analia, chozi halitoki. Zahanati wakamtundikia dripu. Mfuko ukaisha, na ngozi yake ukiifinya inabaki imesimama vile vile. Daktari akakagua sindano kama imetoka nje ya mshipa. Haikutoka.

"Sielewi haya maji yanakwenda wapi," akasema.

Mimi nilielewa nilipokwenda kufagia ile pembe. Kiputo kilikuwa kimepungua, kimekuwa kama harage. Jioni yake kilikuwa kama punje ya mchele. Jiwe lilikuwa linajaa.

Tukamwendea Bibi Rasoanala, anayeuza tumbaku sokoni na kusema na Wavazimba. Alitusikiliza huku anafunga majani yake, hata uso hakuinua.

"Lirudisheni shimoni kabla kiputo hakijaisha. Mtoto awepo. Na pasidondoke chumvi pale, mmeshawaudhi mara moja."

"Hatutabeba chumvi, bibi," Solofo akasema.

"Mjinga wewe. Jasho ni nini? Machozi ni nini?" Akamgeukia Fanja. "Wewe hasa. Usilie."

Tulipanda asubuhi, kwenye baridi ile ya mwezi wa saba, polepole ili tusitoke jasho. Fanja alimbeba Miora mgongoni. Mungu wangu, mtoto alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Mdogo wangu alijiuma mdomo njia nzima, macho makavu. Nilitamani kumshika bega. Niliogopa nitamliza.

Pale ukingoni akamteremsha mtoto akampakata. Solofo akashuka shimoni, akalilaza jiwe mahali alipolitoa. Tukainama. Kiputo kilikuwa kidogo kama mbegu ya nyanya.

Kikatikisika.

Kikakua. Punje ya mchele. Harage.

Miora akafumbua macho. Midomo yake ilikuwa imelowa.

"Mama," akanong'ona. "Nimeshiba."

Nani angeweza? Nawauliza nyinyi mliozaa. Fanja alikuwa amezuia machozi ya uchungu tangu nyumbani. Ya furaha hakuna aliyemwonya. Alicheka. Chozi likamtoka bado anacheka. Nikatupa mkono nilidake.

Sikuliwahi.

Lilidondoka shimoni. Hatukusikia chochote.

"Fanja," Solofo akaita kutoka chini, taratibu. "Fanja, kiputo hakipo."

Mtoto alikuwa mikononi mwa mama yake. Sitasema tulimkuta vipi. Tulimzungushia nguo nyeupe tukamlaza kwenye kaburi la ukoo, na shimo lile wanaume wakalifukia kwa mawe makubwa, jiwe likiwa humo humo.

Matanga yalipokwisha nikaenda kumfagilia Fanja nyumba. Ufagio ukagonga kitu kwenye pembe ya kaskazini mashariki. Jiwe lile. Safi, limejaa, halina kiputo. Solofo aliapa kwa kaburi la baba yake kwamba hakuligusa. Nikapanda mlimani mwenyewe kutazama. Mawe ya shimoni hayajasogezwa hata moja.

Nilitaka kulitupa mtoni. Fanja alilikumbatia kwa nguvu nikashindwa kumnyang'anya, nikakaa chini nikalia mimi. Mpaka leo hulala nalo. Kila asubuhi linaamka limelowa kwa nje, na halina ufa. Nimelikagua juani pande zote. Siku moja niligusa ule unyevu nikauweka ulimini.

Chumvi.

Sikumwambia Fanja. Nadhani anajua. Hulipakata, akalifuta kwa pindo la nguo yake, na linalowa tena, naye analifuta tena.

"Basi, mwanangu," analiambia. "Basi, usilie. Mama yupo."