Maziwa ya Jiwe Nyeusi

Kwanza mujue kitu moja: mimi Guylain siogopi nyoka. Ulizeni motard yeyote, mutu wa pikipiki, pale kwenye parking yetu, Bagira. Nyoka zinanijua. Nikipita zinaambiana: pisheni, huyu alitoroka shule kabla ya kufundishwa woga.

Kwa hiyo siku ile, wakati yaya yangu Rosette, dada yangu mukubwa, alinipigia telefone kutoka Nyangezi, nilicheka.

"Guylain, kuja. Nyoka zinaingia mu nyumba."

"Na bwana yako iko anafanya nini? Anazikaribisha chai?"

Nikasikia mulango inafungwa. Aliporudi, sauti yake ilikuwa chini, kama ya mutu mwenye kufunika mudomo na mukono.

"Siyo nyoka tu. Ni mama mukwe. Kila jua ikishuka, anatoka nyuma ya nyumba na bakuli ya maziwa. Peke yake. Anarudi nayo tupu."

"Si anakunywa?"

"Guylain... ile maman hakunywaka maziwa."

Hapo nikaacha kucheka. Kidogo tu. Kwetu, mutu akipeleka maziwa mu migomba jua ikishuka, na nyoka zinakuja kwake kila siku, hauhitaji diplome kuelewa. Anazilisha. Na mutu mwenye kulisha nyoka ana kazi ya kuzituma. Rosette alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo imefika puani. Nikajisemea: ile muzee mwanamuke anataka mutoto.

Philémon, motard mwenzangu, akanitupia pneu, tairi ya zamani.

"Choma hii kuzunguka nyumba. Moshi ya pneu inafukuza nyoka. Na bamama bakwe pia."

Nikafunga pneu nyuma ya moto yangu, pikipiki ya kazi, nikaweka mupanga mu mufuko, nikaenda. Nilifika Nyangezi jua ikiwa imeinama, kuku zinaanza kutafuta fasi ya kulala.

Maman Emérence, mama mukwe mwenyewe, alikuwa amesimama mbele ya nyumba. Mufupi, mwembamba, rozari kwa shingo.

"Asinge, mwana wangu."

"Asinge, maman. Nimeleta dawa."

Akatazama pneu. Hakucheka.

"Usichome. Ukizifukuza huku, zitaingilia kule. Ziache."

Mumesikia? Ziache! Nikamutazama Rosette kwenye mulango. Rosette akanitazama. Tulikuwa tumeshamuhukumu ile maman na kumufunga.

Cirhuza, bwana ya yaya, alikuwa amekaa kwenye kiti pembeni ya ukuta, na koti nzito kwa mwili, na joto yote ile. Alikuwa anachimba dhahabu Kamituga. Alirudi wakati mvua ilikuwa inaisha. Watu waliomuleta walisema aliumwa na nyoka ndani ya shimo, wakamutoa, wakamufunika, wakaanza kumutafutia mbao za sanduku... kisha akaamuka, akaomba maji. Wakashukuru Mungu, wakamupandisha kwenye pikipiki. Lakini Rosette alishamutazama mwili yote. Hakukuwa kidonda. Hata alama.

"Shemeki," akaniambia pole pole, "umekuja kuua bageni betu?"

"Bageni gani hao hawabishi hodi?"

Akatabasamu. Nikamupa mukono. Mukono yake ilikuwa kavu na baridi, kama jiwe ya chini ya mugomba. Kisha nikaona kitu kidogo. Kuku zilikuwa zinarudi mu kibanda, na njia fupi ilipita mbele ya miguu yake. Hakuna kuku ilipita pale. Zote zilizunguka mbali, nyuma ya jikoni.

Zote.

Nikajisemea: kuku ni wajinga. Nikachukua mupanga, nikaenda kupekua kuni.

Sikutafuta sana. Ilikuwa pale juu ya kuni, nyeusi, ile ya kuinua shingo na kuipanua. Haikukimbia. Haikunitazama hata. Mimi, Guylain, nyoka inanidharau! Kichwa yake ilikuwa imegeukia ukuta ya nyumba, ikiyumba kidogo, kama mutu mwenye kusikiliza misa. Nikainua mupanga.

Twaa!

Shingo ikakatika. Nyuma yangu nikasikia mutu anakohoa. Nikageuka na furaha, nikitaka wanipigie makofi.

Cirhuza alikuwa ameshika shingo yake na mikono miwili.

"Uko na nini, shemeki?"

"Nzi," akasema.

Hakukuwa nzi.

Halafu nikafuata ukuta ile nyoka ilikuwa inatazama. Chini yake, mu majani, moja ingine. Fupi, nene, ya rangi ya majani makavu. Na ingine ya kijani juu ya kamba ya nguo. Kichwa ya zote ilielekea fasi moja. Nikaweka mukono juu ya ile ukuta, nikapima ndani ni chumba gani.

Chumba ya Rosette na bwana yake.

Nikasema: sawa, maman. Leo utanijua.

Jua iliposhuka nyuma ya mulima, Maman Emérence akatoka na bakuli. Nikamufuata kwa vidole vya miguu. Akapita jikoni, akaingia mu migomba, fasi moto kidogo ilikuwa inawaka katikati ya mafiga. Nikajificha. Akamwanga maziwa mu sufuria. Ikaanza kuchemka. Akafungua kona ya kitambaa yake, akatoa kitu kidogo nyeusi, akaidumbukiza ndani.

Tsss...

Harufu ikapanda. Siyo ya maziwa. Harufu ya mufupa, na udongo ya shimo ambayo haijaona jua. Maziwa ikatoa povu ya kijani kijani. Akangoja povu iishe. Akachimba shimo na jembe, akamwanga maziwa yote, akafukia, akakanyaga, akafanya alama ya musalaba.

Na mimi nikajua ile kitu ni nini. Nani huku hajui? Jiwe nyeusi. Masista wa parokia wanaigawa tangu zamani: mufupa ya ng'ombe iliyochomwa mpaka ikawa kama makaa. Mutu akiumwa na nyoka, unamuchanja kidogo na wembe, unaweka jiwe pale. Inashika kama mutoto kwenye ziwa. Inanyonya sumu. Ikishiba, inaanguka yenyewe. Kisha unaichemsha mu maziwa ili itapike, na ile maziwa unaizika, hata paka asionje. Pasipo sumu, jiwe haishiki. Njo hivyo. Mutoto wa miaka mitano atakuambia.

Nikaruka kutoka mu migomba.

"Maman! Tumekukamata!"

Hakushituka. Alipangusa jiwe na kitambaa.

"Umenikamata na nini, mwana?"

"Na... na jiwe."

Nilisikia ujinga yangu mwenyewe. Jiwe siyo uchawi. Jiwe ni dawa. Lakini hapo swali ikanifika, ikanifika pole pole, kutoka kwenye miguu mpaka kwenye nywele.

"Maman. Nani aliumwa mu hii nyumba?"

"Hakuna."

"Sasa jiwe inanyonya sumu ya nani?"

Akaokota bakuli yake.

"Kuja uone. Na ufunge ule mudomo yako."

Tukaingia. Cirhuza alikuwa amelala juu ya kitanda, bila koti, bila shati, macho wazi. Taa ya mafuta ilikuwa pembeni. Maman hakuchukua wembe. Hakuchanja. Alileta jiwe karibu na kifua ya mwana wake, na kabla ya kuigusisha...

Ikamutoka mu vidole.

Ikashika.

Nilisikia sauti. Ndogo. Sauti ya kunyonya.

Ilipoanguka, akaiweka kwenye tumbo. Ikashika. Kwenye mukono. Ikashika. Kwenye paji ya uso, fasi hakuna nyama. Ikashika. Nyuma ya ukuta, inje, kitu kilikuwa kinateleza mu majani. Kisha kingine.

"Kila siku," Maman akanong'ona. "Nilifikiri itaisha. Sumu ya nyoka moja inaisha."

"Ni nini basi, maman?"

"Kamituga walinirudishia mwana. Nilifurahi. Sikuuliza walimutoa wapi."

Cirhuza alikuwa anasikia yote. Hakukasirika. Macho yake ilikuwa inatazama mulango. Nikageuka. Rosette alikuwa amesimama pale, mikono juu ya tumbo, machozi inashuka bila sauti. Na Maman Emérence naye akatazama ile tumbo. Akaitazama kwa muda. Nikaona uso yake inazeeka mbele yangu.

Akamukaribia Rosette, akamushika bega. Rosette, aliyemuita mulozi tangu mwezi, hakurudi nyuma.

"Mutoto anachezaka?"

"Hapigi tena teke, maman. Anazunguka tu... Anazunguka, anazunguka."

Maman akafunga macho. Akainama, akaokota jiwe juu ya shuka, akaifunga mu kitambaa, akaniwekea mu mukono. Ilikuwa ya moto.

"Iko moja tu. Haiwezi kunyonyea watu wawili. Mupeleke dada yako Bagira sasa hivi, bado kuna mwangaza. Kila siku umuwekee. Siku itakataa kushika, mutoto amepona."

"Na huyu?" Nikaonyesha kitanda.

Alivuta shuka akamufunika Cirhuza mpaka kwenye kidevu, vile mama anafunikaka mutoto.

"Maman," Cirhuza akasema, "nimesikia."

"Najua, mwana wangu."

"Rosette."

"Karame," yaya akaitika.

"Endeni tu. Nitakuja kumuona mutoto." Akatabasamu. "Nitafuata pole pole."

Njiani sikupiga hadithi. Rosette alinishika kiuno, tumbo yake inagusa mugongo yangu. Na nyinyi munajua barabara ya Nyangezi, moto inatingisha mutu mpaka meno. Lakini mimi nilisikia ile ingine. Katikati ya kutingishwa, ndani ya ile tumbo, kitu kilipita kwenye mugongo yangu kutoka kushoto kwenda kuume. Murefu. Bila haraka.

Nikaongeza gaz.

Ku nyumba yangu, nilijaribu ile jiwe. Si mimi ni mutu wa kuhakikisha? Nikaiweka kwenye mukono yangu. Ikaanguka. Kwenye kichwa ya Philémon. Ikaanguka, akasema nimemuharibia coiffure ya nywele. Kwenye mukono ya Rosette. Ikaanguka. Tukapumua. Tukacheka hata.

Kisha kwenye tumbo.

Ikanitoka mu vidole.

Siku zilizofuata nilimupigia Maman Emérence telefone.

"Nyoka?" nikamuuliza.

"Haziko tena. Hata moja. Toka siku ile muliondoka."

"Na Cirhuza?"

"Kitanda iko tupu."

"Ameenda wapi?"

"Mulango ilikuwa imefungwa na ufunguo, Guylain. Ufunguo ilikuwa kwangu."

Nilitaka kuuliza zaidi. Lakini kulikuwa kitu mu sauti yake... Alikuwa anatafuna. Nilisikia anameza, na kijiko inagonga bakuli. Mutu aliyepoteza mwana anakula vizuri hivyo? Ama kwa mara ya kwanza tangu mvua, alikuwa anaweza kula?

Tangu pale nawaza. Labda ile maman alimuacha mwana wake ili kuokoa mutoto wa Rosette, na mimi ni mujinga mwenye mudomo murefu. Ama labda tulimuhukumu vizuri tangu mwanzo: nyoka hazikuwa zinamufuata Cirhuza. Zilikuwa zinafuata jiwe. Na mimi, mutu wa akili nyingi, niliibeba mwenyewe, mu mufuko ya suruali, mpaka Bagira.

Nikaichukua niitupe mu choo. Rosette akanishika mukono.

"Na kama alisema kweli?"

Nikairudisha mu kitambaa.

Sasa kila jua ikishuka nanunua maziwa. Motards wananicheka: "Guylain, umerudia kunyonya?" Ninacheka nao. Nachemsha nyuma ya nyumba, fasi majirani hawaoni, nachimba, nazika, nakanyaga. Juzi jirani, mama ya parcelle ya chini, aliniona. Hakunisalimia. Aliita watoto wake, akawaingiza ndani, akafunga mulango.

Namuelewa. Na mimi ningefunga.

Jana asubuhi, Philémon aliua moja, nyeusi, kwenye ngazi ya nyumba yangu. Hapa Bagira, katikati ya nyumba na nyumba. Alisema haikumutazama hata. Alisema kichwa ilielekea dirisha ya chumba ya Rosette.

Jana mangaribi nikaweka jiwe kwenye tumbo, kama kila siku. Nikaenda kuchemsha maziwa, nikangoja ianguke. Maziwa ikachemka mpaka ikaisha mu sufuria. Rosette akaniita, pole pole, vile unaita mutu wakati hautaki kitu kingine kisikie.

"Guylain... haitaki kutoka."

"Ngoja ishibe, yaya."

"Hapana. Leo siyo yenyewe inashika."

Akachukua mukono yangu, akaiweka juu ya jiwe. Nikaivuta kidogo. Kidogo tu.

Ndani, kitu kikaivuta kurudi.