Saa Iliyopita Sifuri

Kompyuta ilijisasisha Jumatatu. Jumanne saa nne asubuhi, fundi cherehani alikuwa akipanda ngazi za jengo la maduka huku ameikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa. Gauni lake la manjano lilimkaa vizuri kiasi kwamba muuza miwani alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. Ngazi ya mwisho, kiatu kikamsaliti na kompyuta ikamponyoka. Kijana aliyekuwa akitoka dukani na kikombe cha chai alichagua, katika sekunde ile tukufu, kuiacha chai na kuidaka kompyuta.

Kijana mwenyewe ndiye aliyekuwa fundi kompyuta. Shati lake jeupe halikuwa jeupe tena.

Dada wa cherehani akamweleza shida. Akiandika nenosiri, akaunti inafunguka, anaiona michoro yake ya magauni kwa sekunde tatu, kisha skrini inazima na kumrudisha mwanzo.

"Inakufukuza kwako mwenyewe," kijana akasema.

"Na ufunguo ninao. Utaiponya, fundi?"

"Fundi kwa fundi hatudanganyani. Niachie siku mbili."

Siku mbili hizo zilikuwa na simu tisa. Ya kwanza ilisema kwamba kijana ametengeneza akaunti mpya ya majaribio na haizimi, kwa hiyo mashine ni nzima, mgonjwa ni akaunti ya zamani. Ya pili ilisema michoro yote ipo. Ya tatu hadi ya nane hazikuwa na habari yoyote ya kitaalamu. Dada aliahidi kumshonea shati badala ya lile la chai, akaomba kipimo cha shingo, naye akakitoa kwa sauti ya mtu anayekula kiapo.

Simu ya tisa ilikuwa baridi.

"Mteja wetu, mashine yako iko tayari. Karibu uichukue."

Mteja wetu! Jana tu alikuwa fundi.

Kilichotokea ni hiki. Kijana alikuwa akizima kimoja kimoja vitu vinavyofunguka vyenyewe akaunti inapowaka. Cha sita kilikuwa saa ndogo ya kuhesabu siku, iliyoitwa Siku ya Harusi Yetu. Alipoizima, akaunti ikasimama imara. Aliyeanguka ni yeye. Hakuifungua kuitazama. Mwiko wake wa kazi ni kutopekua mambo ya mteja, na aliushika hata pale ambapo kupekua kungemwokoa.

Dada alifika saa kumi, shati la bluu kwenye mfuko, uso umefungwa.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Hongera tu."

Akamwonyesha jina la ile saa. Dada akalitazama, kisha akaketi kwenye kiti cha wateja chenye mguu mmoja mfupi, akayumba nacho.

"Ifungue."

"Ni mambo yako binafsi."

"Nakuruhusu. Ifungue, fundi."

Akaifungua. Kwa sekunde tatu ikaonyesha siku zilizobaki: hasi mia tano na kumi na mbili. Kisha skrini ikazima.

"Aliiweka aliyekuwa mchumba wangu," dada akasema polepole. "Halafu akaondoka. Nikaacha iendelee kuhesabu, nikajifanya siioni."

Mfumo wa zamani ulikuwa umeivumilia hesabu iliyopita sifuri. Mpya ulikataa katakata.

"Niifute?"

"Nielekeze tu. Nataka niifute mwenyewe."

Dada akaingia tena kwenye akaunti, kijana akamwelekeza, mkono wake karibu na wa dada bila kuugusa. Saa ikafutika. Dada akatoka, akaandika nenosiri upya, wakasubiri. Sekunde tatu. Kumi. Dakika nzima. Magauni yalibaki pale pale, na dada akajifuta macho kwa kiganja.

"Vaa shati," akaamuru.

Kola ilimkaa sawasawa. Mikono ilimfunika hadi vidoleni, kwa kuwa dada alikisia.

"Imezidi," kijana akasema.

"Najua. Utakuja kwangu nikupunguzie."

"Lini?"

"Siku sihesabu tena. Funga duka, twende."

Akalifunga, saa kumi na nusu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Muuza miwani alipowaona wakishuka, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.