Kurasa Alizozigandisha Padri

— Na alafu? Ule bibi-harusi alijibu nini?

Isidore alifunga kitabu, kidole chake kikiwa ndani, akakohoa kama mtu anayetaka kuhubiri.

— Hakujibu. Alilia. Machozi ndiyo yalijibu.

— Machozi tena! Maman Eulalie alibamiza pasi ya makaa juu ya shuka la Mzungu. — Siku ya Mungu ya kwanza, binti ya musagaji wa ngano analia. Ya pili, ule mujane analia. Ya tatu, hata munganga wa meli, mwanaume muzima na ndevu zake, analia! Leo tena. Hao batu banakunywaka maji ya wapi?

Wanawake waliojaa uani walicheka mpaka mmoja akaangusha kibanio cha nguo.

Ilikuwa Kadutu, mtaa wa weusi, mwezi wa vakansi ya shule, mwaka wa hamsini na saba, wakati wa ukoloni. Isidore Bisimwa, mwanafunzi wa ualimu, alikuwa amerudi kwa mama yake, na kila Siku ya Mungu baada ya misa alikuja katika ua wa Maman Eulalie, anayefua na kupiga pasi nguo za Wazungu, kusimulia kwa Kiswahili riwaya aliyoisoma juma hilo na kutoa mawazo yake. Mawazo anayo. Juu ya ile ya kwanza alisema: mtu anayelala kitandani kurasa mia kwa ugonjwa wa mapenzi, asiulizwe ugali unatoka wapi, huyo ana watumishi, na mwandishi amesahau kutuambia kama watumishi nao walipenda mtu. Hapo hata wazee walitikisa vichwa kukubali.

Lakini tuseme kweli. Isidore hakuja kwa ajili ya mawazo. Alikuja kwa ajili ya Delphine, mtoto wa marehemu kaka ya Maman Eulalie, aliyekaa pembeni akishona kwa cherehani na kusikiliza bila kuinua macho.

Sasa, kuhusu vitabu vyenyewe. Wazungu walikuwa na maktaba yao, milango ya vioo, viti vya kuegemea. Weusi walipewa kabati moja nyuma ya ukumbi wa mission, na ufunguo kwa Padri. Kabla kitabu hakijaingia mkononi mwa mweusi, Padri alikipitia, na ukurasa uliomtia wasiwasi aliupaka uji wa muhogo akaugandisha na mwenzake. Mtu mwenye mvi, mlipa kodi, baba wa watoto sita, anagandishiwa kurasa kama mtoto anayefichiwa sukari! Na watu walisema merci, mon Père, asante Padri. Wanaosema leo kwamba mambo yale yalikuwa madogo, hawakufungua vitabu vile.

Kila mtu Kadutu alijua kilichofichwa: mabusu. Kwa hiyo Isidore alipofika kwenye kurasa zilizogandishwa, alizijaza mwenyewe, bila kumwambia mtu. Na alizijaza kwa maneno ambayo mwezi mzima alishindwa kumwambia Delphine.

Mlango wa ua ukasukumwa. Aliingia tonton Barthélemy, baba mdogo wa Delphine na mlezi wake, na nyuma yake Adalbert akisukuma kinga, baiskeli inayong'aa. Adalbert alikuwa karani wa duka kubwa la Mzungu, kofia ngumu kichwani, na mfukoni karte ya serikali inayosema amestaarabika. Alikuwa ameshamposa Delphine. Leo alikuja kuchukua jibu.

Isidore alichomoa kidole kitabuni.

— Bonjour, mesdames, alisema Adalbert. — Nasikia hapa iko école ya bongo na uongo.

— Bongo ya nani? aliuliza Maman Eulalie.

— Ya huyu mwanafunzi. Zile kurasa za mapenzi anazobasomea zimegandishwa. Hajazisoma hata moja. Anabapumbaza.

Cherehani ikanyamaza.

— Isidore, alisema Delphine. — Ni kweli?

Angeweza kukataa. Alitazama kitabu, akatazama viatu vyake.

— Ni kweli. Nilizijaza mimi.

— Zote? Hata ile munganga wa meli alisema, «Nikisikia cherehani yako, nasahau njia niliyokuwa napita»?

— Hata ile.

— Ndiyo maana! alipiga kofi Maman Eulalie. — Tangu ile siku najiuliza, mu meli ya vita cherehani iliingia kwa njia gani!

Ua mzima ulipasuka kwa kicheko. Delphine hakucheka, lakini masikio yake yaliwaka.

— Unaona, tonton? alisema Adalbert. — Muongo. Mimi kitabu hiki nilikisoma kizima, kwa patron wangu. Pale bibi-harusi anapiga magoti, anamushukuru bwana, anasema ndiyo, kisha busu. Mwanamuke mwenye adabu. Mufano muzuri.

Delphine alisimama, akanyoosha mkono.

— Isidore, leta hiyo kitabu. Shangazi, pasi iko moto?

— Ya kuchoma. Na uji wa muhogo haushindi mvuke, mimi natoa uji ku mashati kila siku.

— Delphine, Padri ataona, alisema Isidore kwa sauti ndogo. — Anaweza kunifukuzisha ku masomo. Nabakisha mwaka moja tu.

— Najua. Sikushurutishi.

Adalbert alitabasamu. — Kiache hicho kitabu, mademoiselle. Mali ya mission haichezewi.

Labda ni tabasamu lile. Isidore aliweka kitabu juu ya meza.

Kitambaa kibichi juu, pasi juu ya kitambaa. Mvuke ulipanda, ukanuka uji wa asubuhi. Vichwa vyote viliinama. Delphine aliingiza kucha polepole, ukurasa ukaachana na mwenzake bila kuchanika.

— Soma. Kile kilichoandikwa, si kingine.

Isidore alisoma kwa Kifaransa, akageuza kwa Kiswahili. Padri wa kitabu anamwuliza bibi-harusi kama anamkubali yule tajiri mwenye mashamba. Bibi-harusi anamtazama tajiri, anawatazama vibarua wake waliosimama nyuma ya kanisa, anasema: «Hapana.» Padri anauliza tena. «Nimesema hapana.» Na vibarua, ambao hawajawahi kuinua sauti mbele ya bwana wao, wanaanza kupiga makofi.

— Na busu? aliuliza Maman Eulalie.

— Hakuna.

— Hata kadogo?

— Hata kadogo, maman.

Tonton Barthélemy, aliyekuwa mpishi wa Wazungu tangu ujana wake, alikaa chini taratibu.

— Miaka yote hii nafikiri banatuficha mapenzi. Kumbe banatuficha mutu anayekataa.

Kila mtu pale alikuwa na «ndiyo, bwana» zake kooni, na kwa kitambo kila mtu alizisikia.

Delphine alimgeukia Adalbert.

— Monsieur Adalbert, ulikuja kuchukua jibu. Jibu ni hapana.

— Ju ya kitabu?

— Ju yako. Ulisema ulisoma, na haukusoma. Isidore naye alidanganya, lakini nilimuuliza mara moja, akajibu. Weye ungenidanganya mpaka uzee.

Adalbert alimtazama tonton Barthélemy. Tonton alikuwa anachunguza makaa ya pasi kwa makini sana. Karani akageuza kinga yake akatoka, na kofia ikagonga boriti ya mlango.

— Pole na kichwa, monsieur! alipiga kelele Maman Eulalie.

Isidore alianza kutabasamu.

— Na weye usicheke, alisema Delphine. — Mu kurasa zako binti analia tu na kunyamaza. Mwezi muzima unanilizisha mbele ya batu! Kama iko na neno, sema bila kitabu.

— Hapa? Mbele ya bote?

— Mbele ya bote ndiyo ulikuwa unasema.

Maneno yote ya munganga wa meli yalimkimbia Isidore.

— Minakupenda. Sina kinga, sina karte. Nikimaliza masomo, kama habanifukuzi, nataka tuoane. Unataka?

— Unauliza mimi ama tonton?

— Weye. Kisha tonton.

— Ha! alisema Barthélemy. — Nimekuwa wa pili mu jamaa yangu!

— Nataka, alisema Delphine.

Kesho yake Isidore alirudisha kitabu mwenyewe. Padri alikifungua, akaona, uso ukawa mwekundu kama mafuta ya mawese. Alimfungia kabati, asiazime tena. Lakini kumshitaki shuleni hakuweza: angelazimika kuwaeleza wakubwa wake ukurasa gani ulifunguliwa, na unasema nini, nacho kitabu kilitoka kabatini mwake.

Mwaka uliofuata Isidore alipata cheti, na Siku ya Mungu moja Padri yuleyule, kwa sauti yake ya kusomea Injili, alisimama mbele ya kanisa lililojaa kutangaza ndoa ya Isidore Bisimwa na Delphine, binti wa marehemu Cyprien. Hakufika hata kwenye jina la baba. Maman Eulalie alipiga vigelegele, wafuaji wenzake wakamwitikia, tonton Barthélemy akapanda juu ya benchi.

— Silence! alisema Padri. — Silence!

Hakuna aliyenyamaza.