Fukua Uone

Asubuhi za Kizwite, huku Ufipa, zina ubaridi hata mvua zikikaribia. Mama Rozina alijifunga kanga mbili, akakaa kwenye kigoda nje ya jiko. Alikuwa anapepeta mbegu za ulezi. Zizini, ng'ombe mmoja wa plau alisimama peke yake. Aliitwa Kijivu. Kila mara aligeuza kichwa upande wa kushoto, mahali aliposimama mwenzake miaka yote.

Mwenzake aliitwa Simba. Simba aliuzwa mwezi wa tisa.

Nira ilikuwa imetundikwa ukutani. Nira ni ya ng'ombe wawili. Mkulima wa Ufipa anajua hilo bila kufundishwa, na Mama Rozina alilijua kuliko wengi. Tangu mume wake afariki, ng'ombe wale wawili ndio waliolima shamba. Shamba ndilo lililomsomesha mwanawe Fabiani mpaka kidato cha nne. Kwa nini basi alikubali Simba auzwe? Ni kwa sababu ya neno moja.

Fabiani anauza makava na chaja za simu mjini, mtaa wa Majengo. Ni kijana mchapakazi, na pombe hanywi. Lakini alikuwa na uchungu. Mwaka mmoja mahindi yao yalikosa soko, wakayauza kwa bei ya kutupa. Mwaka uliofuata aliomba mkopo, akaambiwa hana dhamana.

"Mama," alisema jioni moja, "sisi kila kitu tunapangiwa. Bei tunapangiwa. Mkopo tunapangiwa. Mtu mzima naomba ruhusa kama mtoto wa shule. Mimi nataka kuwa huru."

Uchungu huo ni wa kweli. Tusimcheke.

Ndipo alipoingizwa kwenye kundi la simu lililoitwa Shamba Huru. Kiongozi wake alijiita Mkulima Mkuu. Hakuna aliyewahi kumwona uso. Alisema kuna sarafu za mtandaoni. Hazishikwi kwa mkono, haziko benki, na serikali haizigusi. Kuweka pesa aliita kupanda mbegu. Kupata faida aliita kuota. Kutoa pesa aliita kuvuna.

Angesema "wekeza," Mama Rozina angekataa. Alisema "mbegu," na mama akalegea. Mtu aliyekulia shambani ukimwambia habari ya mbegu, mkono wake unafunguka wenyewe. Simba akauzwa, pesa ikapandwa.

Jumapili ya kubariki mbegu, watu walipeleka kanisani vikapu vya mahindi, maharage na ulezi. Mama Rozina alichukua simu ya Fabiani, akaifukia katikati ya ulezi.

"Hii nayo ni mbegu," alinong'ona.

Padre alipita akinyunyiza maji ya baraka. Mara simu ikatetemeka ndani ya kikapu, ulezi ukamwagika sakafuni. Ulikuwa ujumbe wa Mkulima Mkuu: *Mbegu yako imeota!* Mama Rozina akafanya ishara ya msalaba. Aliona Mungu amejibu papo hapo.

Sasa, asubuhi hii ya baridi, ujumbe mwingine ulikuwa umeingia.

"Mama, msimu unafungwa kesho," alisema Fabiani. "Asiyeongeza mbegu, ile ya kwanza inakauka."

"Tutaongeza nini, mwanangu?"

Fabiani aligeuka. Alitazama zizini.

Haikuchukua muda, Enock akafika. Enock ni mfugaji. Wazazi wake walihamia Rukwa kutoka Usukumani na ng'ombe wao. Fabiani ndiye aliyemwita aje kumnunua Kijivu. Enock alimshika Kijivu nundu, akamfungua mdomo, akatazama meno.

"Ng'ombe mzuri huyu," alisema. "Mwenzake yuko wapi?"

"Tulimpanda," alijibu Mama Rozina.

Enock alidhani hakusikia vizuri. "Mlimfanya nini?"

Wakati huohuo jirani yao Adela aliingia uani. Adela anafanya kazi kwenye chama cha akiba na mikopo mjini. Alikuja kuomba mbegu za ulezi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Nimesikia vibaya, au ng'ombe amepandwa?"

Fabiani alikunja uso. "Ni sarafu za mtandaoni, dada Adela. Najua utasema ni utapeli. Ninyi watu wa ofisini hamtaki tuwe huru."

"Sisemi hivyo," Adela alijibu taratibu. "Sarafu za mtandaoni zipo. Mimi mwenyewe ninazo kidogo. Bei inapanda, inashuka. Mwaka jana ilishuka mpaka nikakosa usingizi. Lakini niliweka pesa ambayo hata ikipotea, watoto wangu watakula. Sikuuza ng'ombe wa plau. Hebu nikuulize, funguo unazo wewe?"

"Funguo gani?"

"Mwenye sarafu hizo ana maneno yake ya siri. Hayo ndiyo funguo. Hampi mtu, hata ndugu yake. Mwenye maneno ndiye mwenye pesa. Ya kwako yako wapi?"

"Mkulima Mkuu anatutunzia. Alisema tusihangaike."

"Basi uhuru ni wa kwake, Fabiani. Wewe umetoka kwa bosi unayemjua, umekwenda kwa bosi usiyemjua. Pesa isiyo na mtu wa kukuuliza haina pia mtu wa kumlilia. Mimi nikikuibia pale chamani, utanishtaki. Huyu utamshtaki wapi?"

"Lakini inaongezeka! Tazama!" Fabiani alimwonyesha simu.

"Hiyo ni namba. Namba mtu yeyote anaweza kuiandika." Adela akamgeukia Mama Rozina. "Mama, ukishapanda mahindi, siku chache baadaye unafanya nini?"

"Ninafukua shimo mojamoja, nione kama yameota. Panya wapo, mchwa wapo. Nikikuta shimo tupu ninarudishia mbegu mapema."

"Basi tufukue na hii. Fabiani, vuna kidogo tu. Elfu tano, sasa hivi."

"Haiwezekani. Mkulima Mkuu amekataza kufukua kabla ya msimu."

Mama Rozina aliweka ungo chini. "Amekataza kufukua?"

"Ndiyo, mama."

"Mkulima gani huyo anayekataza watu kufukua?"

Fabiani alibonyeza simu. Aliandika elfu tano. Maandishi yakatokea: *Lipa kwanza ada ya kuvuna.*

"Usilipe," alisema Adela. "Ukilipa ada, watadai kodi. Ukilipa kodi, watadai kingine. Kama pesa yako ingekuwepo, wangekata ada humohumo."

Fabiani alimpigia Mkulima Mkuu. Simu haikupokelewa. Akaandika kwenye kundi: *Nataka kuvuna elfu tano tu.* Punde akaona ameondolewa kwenye kundi. Ukurasa wenye ile namba iliyokuwa inaota kila siku nao haukufunguka tena.

"Kwa hiyo Simba..." mama alianza.

"Simba amekwenda, mama." Fabiani alichuchumaa, akafunika uso kwa mikono, akalia kwa sauti. Iliumiza kumtazama.

"Na mimi niliipeleka kwa padre aibariki," Mama Rozina alisema polepole.

"Padre alibariki simu yenu, mama. Mwizi hakumbariki," alisema Adela.

Siku nyingine wangecheka. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Fabiani aliinua kichwa. "Dada, nimewaingiza na wengine pale Majengo. Nestory amepanda pesa ya duka. Leo anataka kuongeza."

"Basi nenda sasa hivi. Aibu yako ni ndogo kuliko hasara yake."

Enock alikuwa bado amemshika Kijivu kamba. Aliifunga tena kwenye mti wa zizi. "Huyu simnunui," alisema. "Mimi nina maksai mmoja, mwenzake aliumwa na nyoka akafa. Tuwafunge pamoja. Tutalima kwenu, tutalima na kwangu."

Fabiani alikwenda Majengo kwa miguu. Alisimama mbele ya duka la Nestory, akaeleza yote mbele ya wateja. Nestory alimtukana, na mwezi mzima hakumsalimia. Lakini pesa aliyokuwa anataka kuituma ilibaki mfukoni. Wengine wawili nao waliacha kutuma. Kisha Adela alimsindikiza Fabiani kituo cha polisi, wakiwa na jumbe zote na namba zilizopokea pesa. Walitoa taarifa pia kwa kampuni ya simu. Namba zikafungwa. Pesa ya Simba haikurudi. Mpaka leo haijarudi, na asije mtu akakudanganya kwamba hurudi kirahisi.

Kuwafunga ng'ombe pamoja nako kulikuwa na kazi yake. Kijivu amezoea kutembea kulia. Maksai wa Enock naye alizoea kulia. Siku za kwanza walisukumana, plau ikaenda ovyo. Fabiani alitembea mbele yao kila alfajiri kabla ya kwenda dukani, akimfundisha yule mgeni upande wa kushoto. Mvua ilipokolea, wakalima mistari iliyonyooka.

Siku hizi Fabiani anaweka akiba yake chamani, kidogokidogo. Habari za sarafu hajaacha kuzisoma. Jumapili hukaa na Adela, akauliza, wakabishana. Bado anataka kuwa huru. Tofauti ni kwamba sasa akiambiwa apeleke pesa mahali, huuliza kwanza ataitoa vipi na funguo atashika nani.

Wiki moja baada ya kupanda, Mama Rozina alifika shambani, akamkuta Fabiani amepiga magoti kwenye udongo wenye maji. Alikuwa anafukua shimo kwa kidole, taratibu, asije akaumiza kitu. Chini ilikuwepo punje ya mahindi. Ilikuwa imepasuka, na kichipukizi cheupe kimetoka.

Machozi yalimlengalenga Fabiani.

"Mama," alisema, "ipo."

Mama Rozina aliinama naye, akaiona kwa macho yake.

"Basi ifukie," alisema. "Tukatazame na lile shimo lingine."